Fungu la Mpiga Katuli

Jovina Rugemalira hakuzoea kupendwa kazini, na alikwisha kulikubali hilo kama mtu anavyokubali kimo chake. Kazi yake ilikuwa kupima kelele. Kwa miaka mingi jijini Mwanza alifika kwenye mashine za kusaga, kumbi za pombe na makanisa ya mahema, akasimama pembeni na kifaa chake, akasoma, kisha akasema neno ambalo hakuna aliyewahi kumshukuru kwalo: punguzeni. Watu wa mtaa wa Nyakato walimpa jina la Mama Zima. Mhubiri mmoja alimwombea hadharani mapepo yamtoke, na alimwombea kwa spika zilezile alizokuja kuzipima.

Si kwamba alichukia ngoma. Baba yake, mzee Rugemalira wa Muleba, aliendesha mashine ya kukoboa kahawa tangu ujana, na mashine ikamla masikio taratibu bila mwenyewe kujua. Jovina alikulia kwenye nyumba isiyoweza kutunza siri, maana kila neno la mezani lilisemwa kwa sauti ya kumfikia jirani. Alipopata nafasi ya kusoma, alisomea sauti. Wenzake walicheka, yeye akasoma.

Halafu ikaja kazi ya Nyakabanga, kijiji cha wavuvi upande wa Sengerema, mbele kidogo ya Kamanga. Kampuni moja ilitaka kusimika mitambo mitatu ya upepo ziwani, ya majaribio, ili umeme wake ugandishe barafu ya kuhifadhia samaki. Mtambo wa upepo ukishasimama majini hauna neno na mtu. Shida ni kuusimika. Nguzo ya chuma, nene kama tangi la maji la shule, hugongwa kwa nyundo kubwa iliyo juu ya tishari, chombo bapa cha mizigo, mpaka izame kwenye tope na kushika. Na kishindo kikiingia majini hakichoki upesi. Samaki wa karibu hupasuka bondo, ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwake. Wa mbali kidogo hukimbia. Wa mbali zaidi hushtuka tu, akaendelea na mambo yake.

Kazi ya Jovina ilikuwa kujua hayo yote kabla nyundo haijainuliwa. Alipima kina, akachota tope la chini, akauliza uzito wa nyundo na unene wa nguzo, akakaa na hesabu zake. Mwisho akachora maduara matatu juu ya ramani: la kufa, la kukimbia na la kushtuka. Duara la kukimbia lilifunika ghuba nzima ya Nyakabanga, na ghuba hiyo ndiyo mazalia ya sato. Wanakijiji wenyewe walikuwa wameifunga, mtu asitie wavu humo.

Basi akaweka masharti mawili. La kwanza, nguzo izungushiwe bomba lenye matundu, lipulizwe hewa, ili mapovu yapande kama pazia na kuivunja nguvu sauti. La pili, kabla ya kugonga kwa nguvu, nyundo iguse kwanza polepole, ngo, ngo, kwa muda wa kutosha samaki kuondoka. Sharti hili aliliita hodi. Kwenye mkutano wa kijiji watu walilipenda jina hilo mno. Samaki apigiwe hodi nyumbani kwake, lini mtu alisikia adabu kama hiyo?

"Na wakitoka watapita wapi?" aliuliza Justa, mwanamke mwenye mitumbwi miwili, ambaye Jovina alipanga chumba kwake.

Jovina alifurahi kuulizwa. Wenye baa hawakuwahi kumuuliza kitu. Akachukua kalamu nyekundu, akachora mshale kutoka ndani ya ghuba hadi nje, ukipita katikati ya miamba miwili iliyo mlangoni.

"Hapa. Watatoka hapa, wakakae kwenye maji ya kina. Kazi ikiisha watarudi kuzaa. Nimepiga hesabu, na neno langu nitalisimamia."

Watu walipiga makofi. Jovina alikwenda kulala akiwa na raha ambayo hakuijua kwa muda mrefu.

Asubuhi ya kwanza honi ililia kuwaondoa waogaji majini, hodi ikapigwa, na Jovina, akiwa kwenye tishari, akawaona samaki kwenye kioo cha kupimia kina: wingu zito likiinuka kutoka ghubani na kuelekea kwenye miamba miwili, sawasawa na mshale wake. Alitamani kumkumbatia mtu. Aliyekuwa karibu ni injinia Osward, mkuu wa kazi, mtu asiyekumbatika, kwa hiyo akamwambia tu kwamba hesabu imekubali.

Jioni Justa alimletea sato mkubwa, amekwisha kuparwa magamba.

"Wa kwako, dada."

Kwao Muleba, chakula cha mwenyeji hakikataliwi. Jovina alimpika na ndizi, akala mpaka akaona haya. Kesho yake akaletewa mwingine, na keshokutwa mwingine tena. Wanawake wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa na samaki kuuzwa, wakaanza kumsalimia kwa jina jipya, Mama Hodi. Wazee wakamwita kwenye kivuli wampe kiti. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema, na kweli mwalo ulijaa samaki kuliko miaka yote. Jovina, aliyezoea watu kuficha nyaya za spika wanapomwona, aliyameza mapenzi hayo pamoja na miiba yake. Alianza hata kuulizia bei ya kiwanja.

Kilichobaki kumkera kilikuwa kitu kidogo cha kitaalamu. Hakuwahi kupima kelele pale mlangoni, kati ya miamba, na ripoti bila kipimo hicho ingekuwa nusu. Alimwomba Chenge, mzee wa kamati ya mwalo aliyemwendeshea boti, wawe huko asubuhi kabla ya honi. Siku hiyo mashine ya boti ikagoma. Siku iliyofuata mafuta yakawa yamekwisha. Iliyofuata tena, mzee Chenge akawa na mgongo. Mwishowe Jovina aliingia botini mwenyewe, akashika kamba ya kuwashia, na Chenge akamfuata akiguna.

Alitumbukiza maiki yake ya majini kati ya miamba, akavaa spika za masikioni. Honi ikalia kwa mbali. Ngo, ngo, hodi ikaanza. Mara masikioni mwake kukajaa mkwaruzo na mapigo ya haraka haraka, kana kwamba mtu anakung'uta gunia. Akavuta waya. Hauji. Akavuta kwa mikono miwili, Chenge akitazama kwingine, na maiki ikapanda imeviringika kwenye wavu.

Wavu ulikuwa umejaa. Sato jike mmoja alidondoka sakafuni mwa boti, akafungua mdomo, na kutoka mdomoni vikamwagika vitoto vyake, vidogo kuliko punje za ulezi zilizochipua, vikitapatapa kwenye maji machafu ya boti. Sato hubeba wanawe mdomoni wakati wa hatari. Huyu alisikia hodi, akawakusanya, akatoka nao kama alivyotakiwa. Jovina alijaribu kuvichota kwa kiganja akavirudishe ziwani.

"Mzee Chenge, hizi nyavu za nani?"

"Za watu."

"Watu gani?"

"Watu wote, mama. Na hazimo ndani ya ghuba, ziangalie vizuri. Ziko mlangoni tu. Sheria hatujaivunja."

"Hii ni katuli."

Katuli kila mtu ziwani anaijua: mtumbwi mmoja hutega, mwingine hupiga maji kwa fimbo, na samaki hukimbilia nyavuni. Ukikamatwa nayo, nyavu zako huchomwa moto mbele ya macho yako.

"Katuli ni kupiga maji," alisema Chenge kwa upole. "Sisi nani kati yetu amepiga maji?"

Jovina alitazama upande wa tishari. Nyundo ilikuwa inaendelea na adabu yake, ngo, ngo. Saa waliijua kwa honi yake. Njia waliijua kwa mshale wake.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Mzee alimshangaa kwa dhati. "Tukuambie nini, na fungu lako unapelekewa kila jioni? Hapa kwetu samaki wa kwanza mkubwa ni wa mpiga katuli. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, mama. Wewe tulikupa."

Jovina alikaa chini botini. Aliwaza sato wote aliowala na ndizi, na jinsi alivyomsimulia dada yake kwa simu kwamba huku watu wana upendo. Hawakuwa wamemdanganya. Walimhesabu kuwa mwenzao kwenye kazi, wakamlipa kwa haki, na yeye peke yake ndiye aliyedhani ni zawadi. Hilo lilimuuma kuliko kama angeibiwa.

Alimpigia Osward simu asimamishe nyundo.

"Kwani kelele imezidi?" aliuliza Osward.

"Kelele ni sawa. Nimekosea mimi. Nilihesabu samaki, watu sikuwahesabu."

Osward alipendekeza jambo rahisi: hodi iondolewe, samaki wasikimbilie nyavuni. Jovina alikataa. Bila hodi, duara la kufa lingejaa samaki waliopasuka. Na kwa hodi, waliotoka salama walitoka kuelekea kikaangoni. Palikuwa na njia moja tu, nyavu zitoke mlangoni, na aliyepaswa kuwaambia wenye nyavu ni yeye.

Alisimama mbele yao jioni ile mwaloni, bila ramani.

"Shikamooni wazee. Nimekuja kukiri kwamba mpiga katuli ni mimi. Nimewapigia kila asubuhi, na fungu langu nimekula. Kuanzia leo sipigi. Nyundo haitaguswa mpaka nyavu zitoke mlangoni na kamati ilinde pale kila honi inapolia. Mkikataa, nitakwenda kwa maofisa wa uvuvi, na mnajua wakija wanakuja na kiberiti."

Alisubiri wamzomee. Alizoea kuzomewa, na kuzomewa angekumudu.

"Tulikuona wa kwetu," alisema Justa.

"Ndiyo maana nimeanza kwenu."

"Ungekuwa wa kwetu ungekula ukanyamaza."

"Majike wanatoka na watoto mdomoni, Justa. Nimewaona. Mwakani mtavua nini?"

Justa alijifunga kanga upya na kuondoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Nyavu zilitolewa, si kwa kupenda. Chenge alilinda mlango kwa zamu yake akiwa na uso wa mtu aliyemeza shubiri. Kuanzia hapo Jovina alijinunulia dagaa dukani. Salamu zilimfikia nusunusu, jina la Mama Hodi likafa, na kiwanja alichokiulizia kikawa kimepata mtu. Alijiambia kwamba amezoea. Haikuwa kweli. Mtu akishapendwa, hata kwa muda mfupi na kwa sababu isiyo yake, hawezi tena kurudi kwenye mazoea ya zamani. Usiku alilia mara moja, akanawa uso, akaendelea na vipimo mpaka nguzo ya mwisho ikazama na tishari likaondoka.

Masika yalipopita alirudi. Mkataba ulimtaka asikilize ghuba iliyotulia, na kamati ilitakiwa kumpa shahidi mmoja. Zamu ilimwangukia Justa. Walipiga makasia bila maneno mengi zaidi ya kuulizana habari za nyumbani. Mabawa ya mitambo yalizunguka taratibu huko nje.

Katikati ya ghuba Jovina akatumbukiza maiki, akavaa spika, akafumba macho. Mwanzoni alisikia maji tu. Kisha chini kabisa, mkoromo mfupi, kama mwiko unaokwangua ukoko wa ugali. Mwingine ukajibu. Halafu mwingine, na mwingine, mpaka hakuweza kuitenganisha. Sato madume walikuwa wamechimba viota vyao na wanaita majike. Neno lake lilikuwa limesimama, na hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi.

Akavua spika, akamvisha Justa.

Justa alisikiliza kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo.

"Ndio wenyewe?"

"Ndio."

"Wote hawa?"

"Wote."

Justa aligeuka akatazama mwaloni, wanaume walikokaa wakishona nyavu, kisha mitumbwi yake miwili iliyofungwa pembeni yao. Aliitazama mpaka Jovina akaanza kupata wasiwasi. Mwishowe akavua spika polepole na kumwekea mapajani.

"Ungenyamaza tu, Jovina," alisema. "Hata mimi usingeniambia."