Nilivyomfuata Shahidi Wangu Guangzhou

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya kovu. Liko nyuma ya bega, refu kama kidole cha kati. Nililipata nikiwa na miaka ishirini na mmoja, mbeba machela katika vita vya Kagera. Kombora lilianguka karibu na gari letu la wagonjwa, vipande vya chuma vikaruka, na kimoja kidogo kiko mwilini mwangu mpaka leo. Mwaka uleule niliolewa. Mume wangu, marehemu Lubinza, alijulikana kwa ukali ujanani, basi ndugu zangu walipoliona kovu wakamalizia hadithi wenyewe. Kaka yangu Kulwa alisema waziwazi kwamba wanawake hawakufika mstari wa mbele, kwamba mimi nilikuwa mpishi tu, na kwamba namfichia mume wangu panga lake. Lubinza alipofariki, Kulwa hakuja kuzika.

Ndipo nikaomba nishani ya waliojeruhiwa vitani. Si kwamba nilitaka kuivaa. Nilitaka karatasi yenye mhuri inayosema ni nani aliyeniumiza.

Karani niliyemkuta ofisini alikuwa mpole. Alitafuta siku mbili, kisha akaniambia daftari la majeruhi la kikosi chetu lilipotea ofisi ilipohama.

"Mama Paulina, sisemi hukuumia," alisema. "Nasema sina pa kushika. Niletee mtu aliyekuwepo. Aje hapa mwenyewe, au kama yuko nje ya nchi aape mbele ya ofisa wa ubalozi, na pasipoti yake mkononi."

Siku ile tulikuwa wanne. Majeruhi tuliyembeba alifia hospitali. Mwenzangu wa machela, Rozalia, alifariki miaka mingi iliyopita. Alibaki koplo Deogratias, dereva. Nilikwenda kwao Magu, nikamkuta mdogo wake akianika pamba.

"Deo yuko China mwaka wa sita sasa," aliniambia. "Sisi hatuna namba yake. Yeye ndiye hupiga, akijisikia. Anafunga mizigo huko Guangzhou."

Miaka ile kila mwenye duka la nguo Mwanza alikuwa ama ametoka China ama yuko njiani kwenda. Jirani yangu Mama Neema, ambaye tunaimba naye kwaya, alikuwa akienda kununua jinzi. "Twende wote," alisema. "Siku kumi na mbili. Mimi nitafute suruali, wewe utafute mtu wako." Mimi ni fundi cherehani, nilijua angalau kuzungumza na vitambaa. Nikafunga safari.

Dubai, tulipobadilisha ndege, mashine ya ukaguzi ilipiga kelele nilipopita. Askari wa kike alinipitisha chombo chake mwilini, kikanyamaza kiunoni, kikanyamaza kifuani, kikalia begani. Nikashusha blauzi, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba ni vita. Alitazama kovu, akanitazama usoni, akanipisha. Mama Neema alicheka. Mimi sikuweza. Mashine ya ugenini imekubali mara moja jambo ambalo ndugu yangu wa tumbo moja amelikataa miaka yote. Kutoka pale hadi Guangzhou sikupata hata lepe la usingizi; nilisimama na kukaa, nikasimama na kukaa, mpaka abiria wa jirani akaniachia na kiti chake.

Siku ya kwanza Guangzhou tulipanga chumba Xiaobei, ghorofa ya kumi na moja. Mvua ilikuwa ile nyembamba isiyoanza wala kwisha, na nguo nilizofua hazikukauka mpaka tunaondoka. Chini barabarani nilisikia Kifaransa, Kiarabu, Kihausa, na ghafla Kiswahili cha Kariakoo kikilalamikia bei ya kontena. Nilidhani kwa umati ule wa Waafrika nitampata Deo kabla ya chakula cha jioni.

Siku ya pili Mama Neema alinipeleka kwa Mama Espérance, mwanamke wa Lubumbashi aliyepika ugali na sombe, yaani kisamvu, kwenye chumba cha nyuma ya ofisi ya mizigo. Kila mtu hula kwake, kwa hiyo kila mtu anamjua. Nilipotaja jina la Deogratias, mwiko wake ulisimama sufuriani.

"Weye ni nani yake? Bibi yake?"

Kwao bibi ni mke. Nikamwambia hapana, tulikuwa jeshini pamoja.

"Askari tena!" Akashusha sauti. "Mama, ule mutu hana papiers. Viza yake ilikufaka zamani. Na weye unakuya kuita jina yake mbele ya batu? Apa, hatuonyeshake mutu na kidole."

"Nahitaji aniandikie jambo moja tu."

Alinipakulia ugali ambao sikuuagiza. "Alikuwaka Zhanxi," alisema mwishowe. "Sasa sijue."

Siku ya tatu, ya nne na ya tano nilizunguka Zhanxi, mitaa ya viatu na nguo karibu na stesheni ya reli. Mikokoteni ilinisukuma kutoka kila upande. Nilionyesha picha ya zamani ya Deo kila penye mizigo, na wenye maduka walijibu kabla sijafungua mdomo: "Meiyou," yaani hakuna, wakidhani naulizia bidhaa. Waafrika waliitazama picha kidogo, wakageuza macho. Nilijua wanadanganya, na nilijua kwa nini. Jioni Mama Neema alihesabu mabunda ya suruali kitandani na mimi nikitembea kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Paulina, kaa chini. Unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa naona siku zinapita."

Siku ya sita Mama Espérance aliniita mwenyewe. Nadhani alinihurumia, au alikwishauliza na akapata ruhusa. "Asubui mapema," alisema. "Shisanhang. Usiulize jina."

Siku ya saba, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa Shisanhang. Ni mtaa wa zamani wa nguo za jumla, na saa ile umejaa hadi hewa inakwisha: wanawake wanakimbia na mifuko myeusi mabegani, wanaume wanasukuma mikokoteni wakipiga kelele za kuomba njia, marobota yanashuka kwenye ngazi kama maji. Pembeni walikuwapo wafungaji wa mizigo, na baadhi yao Waafrika wenye kofia zilizoshushwa usoni. Nilikuwa nimeambiwa nisiulize jina. Basi nikafanya kitu ambacho Msukuma yeyote angekifanya. Nilipita mbele yao mmoja mmoja nikitoa kwa sauti salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka!"

Wa kwanza hakunitazama. Wa pili alicheka. Wa tano alikuwa amepiga goti juu ya robota akivuta kamba, nywele zimekuwa mvi, na kabla hajajizuia akaitikia, "Mwangaluka." Kisha akainua kichwa, kamba ikamponyoka.

"Paulina," alisema. "Paulina wa machela."

Nilikaa juu ya robota lake nikalia, na watu wakatupita.

Tulikunywa chai kwenye vikombe vya plastiki huku akiendelea kufunga mizigo. Nilimweleza habari za Lubinza, Kulwa, daftari lililopotea, na kiapo cha ubalozini. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika hapo.

"Ubalozi uko Beijing," alisema. "Kununua tu tiketi ya treni ya kulala njiani ni lazima nionyeshe pasipoti. Mimi nikionyesha pasipoti nimekwisha. Unaniambia nijitie pingu mwenyewe, Paulina."

"Ni kweli tupu ninayoomba, Deo."

"Kweli naijua. Lakini kuna watoto wa mdogo wangu wanaosoma kwa kamba hizi." Akaonyesha viganja vyake, vimekatika mistari mistari. "Niandikie mwenyewe barua, nitaweka dole gumba."

Nilimwambia dole gumba halitoshi. Nilisema kwa hasira, na niliondoka kwa hasira. Siku ya nane nilishinda chumbani nikimlaumu. Nilimlaumu kwa woga, mimi niliyekuja na viza halali na tiketi ya kurudi mkobani.

Siku ya tisa Deo alimtuma Mama Espérance kuniita tule pamoja. Tulikutana mchana, tukawa tunavuka daraja la waenda kwa miguu pale Xiaobei. Niliona anatembea akitazama chini, nikadhani ni aibu. Kumbe alikuwa anatazama viatu. Alinieleza baadaye kwamba viatu vya polisi anavijua hata wakivaa kiraia. Ghafla akasimama. Mbele yetu maofisa wawili walikuwa wanakagua pasipoti, na nyuma, chini ya ngazi, alisimama mwingine.

Sikufikiri. Nilikwenda moja kwa moja kwa wale wawili, nikajifanya nimeitwa. Walinyoosha mkono kuomba pasipoti. Nikafungua mkoba na kuanza kutoa kimoja kimoja: kanga, Biblia, dawa ya kikohozi, futi yangu ya kupimia nguo, sabuni. Vingine viliniponyoka, nikainama, nikaomba samahani kwa Kiswahili na Kisukuma. Yule wa chini alipanda kuwasaidia wenzake na huyu mama aliyemwaga duka zima darajani. Walinisaidia kuokota, kwa adabu kabisa. Nilipogeuka, Deo hakuwepo.

Nilimkuta kwa Mama Espérance, amekaa mbele ya sahani asiyoigusa.

"Hujabadilika," alisema. "Siku ile nilikupigia kelele ulale chini. Rozalia alilala. Wewe ulimlalia yule majeruhi juu. Ndiyo maana kipande cha chuma kiliingia nyuma."

Mimi hilo sikuwa nalikumbuka. Nakumbuka mlio, kisha nakumbuka hospitali. Kwa miaka yote nilijua nimeumia, lakini sikujua nilikuwa nafanya nini.

"Deo, sahau ubalozi," nilimwambia. "Sitaki karatasi itakayokufunga. Nilikosea kukuomba."

"Nimechoka kutazama viatu vya watu," alisema. Akavuta sahani, akaanza kula.

Siku ya kumi na mbili tuliondoka. Mama Neema alikuwa na marobota yake, mimi sikuwa na kitu. Deo hakuja kuniaga. Njia nzima nilijiuliza kama nimemtia matatani mtu aliyekuwa ametulia, kisha najiambia hakuwa ametulia, kisha naanza upya.

Wiki ya sita baada ya kurudi, mtu alipiga hodi dukani kwangu. Alikuwa Deo, amekonda, na begi moja. Alikuwa amejipeleka polisi mwenyewe. Walimweka siku kadhaa, wakamwandikia asirudi, akapanda ndege kwa tiketi aliyonunua kwa akiba yake.

Mdogo wake alikuja kutoka Magu, hakukaa hata kitini. "Umemrudisha kaka yangu mikono mitupu," aliniambia. "Watoto wangu watasoma kwa nishani yako?" Deo alimwambia aliamua mwenyewe, lakini nilijua nani aliyekwenda kumwamsha.

Tulikwenda ofisini Jumatatu. Karani alituketisha, akafungua jalada jipya, akaandika jina langu juu yake. Akamuuliza Deo alikuwa wapi siku ile. Deo alisimulia barabara, matope, gari lilivyozimika, Rozalia, majeruhi, mimi. Alisimulia kama dereva, kona hadi kona.

"Jeraha lilikuwa bega gani?" karani aliuliza.

Nilifungua mdomo. Deo akawahi: "La kushoto. Nililiziba kwa mkono huu mpaka tukafika."

Nishani ilitoka mwaka uliofuata. Siku ya kukabidhiwa Kulwa alikuja, akakaa nyuma. Baada ya hapo alimwendea Deo, si mimi, wakazungumza muda mrefu nje. Sijui walisema nini. Mwezi ule Kulwa alinunua saruji akalijengea kaburi la Lubinza, bila kuniambia. Nilikuta kazi imekwisha.

Deo sasa anaendesha lori la pamba. Kipato chake si kile cha China, na mtoto mmoja wa mdogo wake aliacha shule. Mimi namlipia mtoto huyo ada ya ufundi, na bado sioni kama inatosha. Nilikwenda Guangzhou nikidhani shahidi ni kitu unachokwenda kukichukua mahali kilipo, kama Mama Neema na suruali zake. Sikujua kwamba mtu hawezi kukutolea ushahidi bila kutoka yeye mzima mahali alipojificha, na kwamba anayemwita ndiye wa kwanza kupaswa kumkaribisha.