Giaboksi Niliyomsingizia Mke Wangu

Goti la kushoto lilianza kuniuma kwenye foleni ya Mtaa wa Msimbazi, na kwa karibu mwaka mzima sikumwambia mtu. Nilikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea mizigo ya wenye maduka wa Kariakoo: marobota ya vitambaa, magodoro, masufuria, chochote kinachotakiwa kufika Buguruni au Ilala kabla ya adhuhuri. Anayeijua Kariakoo anajua kwamba pale mtu haendeshi gari. Anakanyaga klachi tu. Unasogea hatua mbili, mkokoteni unakukatiza, unakanyaga; unasogea tena, mtu amemwaga viatu vyake barabarani, unakanyaga. Klachi ya pikapu yangu ilikuwa ngumu, na kila nilipoikanyaga nilihisi kama mtu ananichoma sindano chini ya pia ya goti.

Mwishowe nilienda hospitali. Daktari, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, alilikunja na kulikunjua goti, akaangalia picha, akaniuliza nafanya kazi gani.

"Dereva."

"Gari la gia?"

"La gia."

"Baba, gegedu la goti limelika. Tafuta gari la oto, ama tafuta kazi nyingine."

Nilitoka pale nimenyong'onyea, na si kwa sababu ya goti. Ni kwa sababu ya maneno yangu mwenyewe. Kwenye kijiwe chetu cha pikapu pale Gerezani, mwenzetu mmoja alikuwa ameuza gari lake la gia akanunua la oto. Siku alipolileta, mimi ndiye niliyeongoza kumcheka. Nilichungulia ndani, nikawasomea wenzangu herufi zilizoandikwa kando ya gia: "P ni ya Pumzika. R ni ya Rudi nyumbani. D ni ya Dada." Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo akipita wanamwita Dada. Yeye alikuwa akitabasamu na kupiga honi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini alinunua gari lile.

Kununua gari jingine sikuweza, na hii pikapu nilikuwa nimeizoea kama kiatu. Fundi wangu, mtu wa rika langu ambaye gereji yake ipo chini ya mabati karibu na ukuta wa reli, aliniambia inawezekana kubadilisha. Tutafute giaboksi ya oto ya mtumba inayokubaliana na injini yangu, ya aina ya zamani inayofanya kazi kwa waya, isiyohitaji kompyuta. Propela inayozungusha magurudumu ya nyuma itakatwa ifupishwe. Pedali ya klachi itang'olewa. Yatapitishwa mabomba mawili ya kupooza mafuta hadi kwenye rejeta. Kwake peke yake nilisema ukweli: goti limekwisha. Akatikisa kichwa, akasema na yeye mgongo wake unauma, akaingia chini ya gari.

Siku ya pili wenzangu watatu wa kijiweni walinifuata pale gereji, wakitaka niwasaidie mzigo. Wakaikuta pikapu imenyanyuliwa juu ya matofali, giaboksi ya zamani imelazwa juu ya gunia, na ile mpya kando yake, kubwa, imevimba mbele.

"Hii si ya oto?" mmoja aliuliza.

Ningeweza kusema goti. Neno moja tu. Badala yake nilisikia mdomo wangu unasema, "Mama watoto anataka kujifunza kuendesha. Nimeona nimrahisishie."

Kisha yule aliyeuliza akanishika bega. "Wewe ni mwanaume. Wangapi wanafanya hivyo kwa wake zao?" Wakanisifia pale, wote watatu, wakaondoka wakinitaja kwa uzuri. Fundi alikuwa chini ya gari. Sikuuona uso wake, niliiona miguu yake tu, na spana ilikuwa imesimama.

Niseme sasa jambo ambalo ningependa kuliruka. Mke wangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye chumba kimoja Ilala, na vitambaa vyake vinatoka Kariakoo. Miaka mingi nyuma, watoto wakiwa wadogo, aliniomba nimfundishe kuendesha ili asiwe ananingoja mimi. Nilimpeleka Jangwani asubuhi ya Jumapili. Gari lilimzimikia mara ya kwanza, nikavumilia. Likazima mara ya pili, nikasonya. Mara ya tatu nilimpigia kelele, nikamwambia mguu wake ni mzito kama kichwa chake. Palikuwa na vijana wanacheza mpira, wakasimama kututazama. Alifungua mlango, akashuka, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Hakunitajia tena habari hiyo, wala mimi sikuigusa. Marobota yake aliendelea kuyaleta kwa guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu.

Huyo ndiye niliyemfanya kisingizio.

Uongo wa Kariakoo haukai mahali pamoja. Siku ya nne asubuhi mmoja wa wale watatu alikutana na mke wangu kwenye duka la vitambaa Mtaa wa Kongo, akampa hongera. Saa saba mchana nikamwona anaingia gereji, amevaa baibui lake la kwendea harusini, mkononi hotipoti mbili. Alikuwa amefunga cherehani, akarudi nyumbani, akapika pilau. Akawasalimia mafundi mmoja mmoja, akawapakulia wote, hata wa gereji ya jirani. Halafu akanijia pale nilipokaa juu ya tairi.

"Baba watoto," alisema, na sauti yake ilikuwa chini, lakini watu walisikia, "nilidhani ile siku ya Jangwani umeisahau."

"Sijaisahau," nilisema. Hilo lilikuwa kweli.

"Mimi nilikuwa nimekusamehe siku nyingi. Sasa nimefurahi."

Fundi wangu alisimama na sahani yake mkononi, akanitazama. Kisha akageuka, akala akiwa amenipa mgongo. Mimi pilau ile sikuimaliza. Nilisema nina kiungulia.

Wiki ileile mke wangu alijiandikisha shule ya udereva, akachukua leseni ya kujifunzia. Jioni alikuwa akikaa na kijitabu cha alama za barabarani, miwani puani, akiniuliza maswali. Kila swali nililijibu vizuri kuliko nilivyowahi kumjibu jambo lolote. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Mara zote mbili nilimuuliza kama chai ipo.

Kazi ya siku nne ilichukua tisa. Siku ya kulijaribu gari nilikaa kwenye usukani, fundi kando yangu. Pale palipokuwa na klachi palikuwa na kipande cha mpira tu, kimegongelewa safi. Nikaweka D, gari likaondoka lenyewe taratibu, na mguu ukakaa bila maumivu kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Nikaingia barabara ya Gerezani. Mbele basi la mwendokasi likapita, nikataka kupunguza mwendo, na mguu wa kushoto ukafanya ulichozoea miaka yote: ukakanyaga klachi kwa nguvu. Klachi haipo. Ukakutana na breki. Gari likasimama kama limegonga ukuta, fundi akapiga paji la uso kwenye kioo, na nyuma yetu guta la maji likatugonga, chupa zikamwagika barabara nzima. Nikaondoka tena, nikafanya vilevile. Mara ya tatu ilikuwa mbele ya kijiwe chetu, na wote waliona.

Aliyekuja dirishani alikuwa yule tuliyemwita Dada. Nilimngojea aseme lake. Ilikuwa haki yake.

"Kaka, mguu wa kushoto ukunje, uweke nyuma chini ya kiti," alisema. "Usiuache mbele. Mimi wiki ya kwanza niliufunga na kamba." Akasubiri nikunje. Akaona jinsi nilivyolishika goti kwa mikono miwili ili likunjike. Akainama karibu zaidi, ili wengine wasisikie. "Mimi ilikuwa nyonga," alisema. Kisha akapiga bati la mlango mara mbili, akarudi nyuma kumsaidia mwenye guta kuokota chupa za maji.

Nilitaka kumwita nimwombe radhi. Jina lake halisi lilinichukua muda kulikumbuka.

Mke wangu nilimfundisha mwenyewe siku za Jumamosi, mtaani kwetu na baadaye barabara kubwa. Anaendesha vizuri, kwa subira, hapigi honi ovyo. Wiki ya tano tuliingia uchochoro wa Ilala nyuma ya chumba chake cha kushonea, akatakiwa kurudi kinyumenyume kati ya ukuta na mtaro.

"Shuka uniongoze," alisema.

Nilifungua mlango, na goti lilikuwa limekaza kwa kukunjwa muda mrefu. Nikabaki nusu ndani nusu nje, nimeshika nguzo ya mlango, jasho linanitoka.

Alinitazama. "Hilo goti limekuanza lini?"

"Siku nyingi."

"Kabla ya giaboksi au baada?"

Pale ningeweza kudanganya tena na ingepita. Nikasema, "Kabla."

Alizima injini. Wanawake wawili walipita na ndoo, wakatusalimia, akawaitikia vizuri, akawauliza habari za nyumbani. Walipokwisha kupita akasema, "Kwa hiyo goti ndilo lililofanya ubadilishe."

"Ndiyo."

"Na wenzako ukawaambia ni mimi."

"Niliona aibu. Nisamehe."

"Nilivaa baibui la harusi," alisema, kama anayemsimulia mtu mwingine. "Nikapakulia mpaka mafundi wa jirani."

Akawasha gari, akaweka R, akatazama vioo vyake, kulia, kushoto, akarudi peke yake mpaka mwisho wa uchochoro bila kugusa ukuta, mimi nimening'inia mlangoni kama mzigo uliofungwa vibaya.

Jumatatu yake nilienda kijiweni nikasema mbele ya wote kwamba gari nimelibadilisha kwa ajili ya goti langu, na mke wangu hakuniomba nilibadilishe. Wengine walicheka, wengine walidhani natania. Nilimwita yule mwenzangu kwa jina lake, nikamwomba radhi hadharani kama nilivyomtukana hadharani. Alisema yamekwisha, na nadhani kwake yamekwisha kweli.

Nyumbani ni taratibu zaidi. Leseni ameshaipata. Jumanne na Ijumaa gari ni lake, analeta vitambaa vyake, na siku hizo mimi nakaa kijiweni. Nimemwomba radhi mara ya pili, safari hii kwa yote mawili, Jangwani na gereji, tukiwa tumekaa wawili baada ya chakula. Alikuwa anapindisha pindo la sketi ya mtoto wa shule. Alikata uzi kwa meno.

"Nimesikia," alisema, akachukua sketi nyingine.