Mkwe, Ziwa na Mjukuu Wangu

Mwaka tuliokula ugali wa muhogo mpaka watoto wakasahau ladha ya mahindi, binti yangu na mumewe walikuja kwangu Susuni kupanga likizo. Walitaka kumpeleka mjukuu wangu ziwani, Musoma, mvua za vuli zikianza. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Yeye alikaa uani, mimi jikoni, binti akabeba maneno.

“Maji yakiwa baridi hataogelea, mama. Atapanda mtumbwi.”

“Na mvua ikinyesha?”

“Atavua samaki kwenye mawe.”

Kila mpango wa akiba ulikuwa majini vilevile! Mimi ni mtu wa ng'ombe. Nilimwona mamba wa Mto Mara akimdaka ndama mdomo wakati anakunywa, na ndama hakuwahi hata kulia.

“Mwambie mumeo, mjukuu wangu hakanyagi maji yale.”

Uani mkwe akacheka. “Mwambie mama naye aje, tumfundishe kuogelea!”

Woga ukashinda mwiko. Nikatoka jikoni, nikasimama mbele yake. Akainamisha macho haraka, kicheko kikamkauka.

“Mjukuu wangu hakanyagi maji yale.”