Milimita Tano za Maji

Harufu ya saruji mbichi hunirudisha hadi leo nyuma ya darasa letu la sayansi. Shule yetu ya bweni ilikuwa juu ya mtaa wa Kilibula, mahali ambapo uliliona ziwa lote na usiweze kulifikia, maana majira yale ya uasi, miaka michache baada ya uhuru, watu wenye bunduki walikaa barabarani chini yetu. Likizo ilikuwa imefika, lakini sisi ambao kwetu ni Lemera, milima ya juu na bondeni mwa Ruzizi hatukuwa na njia ya kurudi. Tulibaki wasichana ishirini na tisa, na wa thelathini alikuwa mwalimu wetu wa sayansi, Madamu Perpetua, mjane mwembamba asiyepandisha sauti. Bomba lililoshusha maji kutoka mlimani lilikuwa limekatwa, na kiangazi kimekaza. Tulibakiwa na tangi la saruji tu.

Madamu alituita tulizunguke, ameshika mita ya mbao. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mita kwangu lilikuwa neno la kukariri; nyumbani mama alipima kitambaa kwa mkono na unga kwa kibakuli. Tangi lilikuwa na urefu wa mita moja na upana wa mita moja, na maji yalifika kina cha sentimita sitini. Tukapiga hesabu ubaoni hadi tukaona wenyewe: lita mia sita. Kila mtu lita moja kwa siku, ya kunywa na ya kupikiwa, na maji yangeshuka sentimita tatu kila siku. Siku ishirini. Hakuna aliyeuliza kuhusu siku ya ishirini na moja. Ufunguo wa kifuniko alipewa rafiki yangu Furaha, binti wa wafugaji wa milima ya juu, ambaye hata njaa haikumfanya aguse cha mtu.

Siku ya saba mdogo wangu Neema, mwanafunzi mwenzetu wa miaka minane, alishikwa na homa. Nilimficha, nikiogopa watamfungia kwenye chumba cha peke yake. Mchana, Furaha aliposinzia, nilifungua fundo la kitenge chake, nikatoa ufunguo na kuchota ndoo ya lita tano. Nilimkanda Neema, nikamnywesha. Maji ya tangi yalitulia, nami nikaamini hayana mdomo.

Asubuhi yake mita ya mbao ilipaswa kusoma thelathini na tisa. Ilisoma thelathini na nane na nusu. Madamu alipima mara tatu, kisha akaeleza taratibu kwamba katika tangi lile milimita moja ni lita moja, kwa hiyo mtu amechota tano. Macho yote yakamwendea Furaha.

“Minye sikukamata maji,” alikana, mara moja tu.

Wasichana wakaamua akose lita yake siku ile, na Madamu, kwa uchovu, hakuwazuia. Furaha alikaa ukutani, midomo imemkauka. Mimi nilikunywa yangu. Wiki nzima nilikuwa nimefungiwa na bunduki za watu. Siku ile nilifungwa na ulimi wangu mwenyewe.

Jua lilipoinama nilimwendea Madamu. “Ni minye niliyachukua. Neema iko mugonjwa.”

Alikwenda kumgusa paji la uso. “Mficha maradhi, kifo humuumbua,” aliniambia. “Ungesema, tungemhesabia.” Akafuta ubao mbele ya wote, akaanza upya: Neema lita mbili, na siku zetu zipungue. Hakuna aliyekataa. Furaha alipewa lita yake, akainywa yote bila kunitazama.

Barabara ilifunguliwa siku ya kumi na saba. Tangini zilibaki sentimita saba na nusu, na Neema alitoka kwa miguu yake.

Sasa ninaishi Kimanga, mtaa usio mbali na Kilibula. Wajukuu wangu hujifunza mita na lita kwa wiki moja, na maji yanayobaki kwenye madumu huyamwaga uani. Siwakaripii. Miaka michache iliyopita nilikutana na Furaha harusini. Alinisalimia vizuri, akamuulizia Neema kwa jina. Nilipoanza kuomba msamaha, alinishika mkono.

“Ile siku nilikuwa na kiu sana,” alisema.

Nilimjibu kwamba najua. Lakini sikujua. Mimi siku ile nilikunywa.