Maji Ambayo Sista Tsonka Hakuyaandika

Sista Tsonka alifanya kazi wodi ya wanaume miaka ishirini na sita, katika hospitali ya mji wetu kando ya mto Danube. Mimi nilikuwa mhudumu chini yake kwa miaka kumi na mmoja. Kila mgonjwa wa dripu alikuwa na karatasi yake: maji yaliyoingia upande huu, mkojo uliotoka upande ule. Hata kijiko cha chai hakikupita bila kuandikwa.

Kwetu ndugu hawaamini chakula cha hospitali. Huja na mitungi midogo ya supu na ya maji ya plamu zilizochemshwa, na Tsonka aliwafokea mbele ya wodi nzima.

"Umekuja kumwona baba au kumwagilia bustani?" alimwambia Penka, binti wa Mzee Metodi. Wagonjwa wakacheka. Penka akawa mwekundu mpaka shingoni.

Mzee Metodi alikuwa ametapika damu kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Aliongezewa mifuko miwili ya damu, akapata nafuu. Lakini moyo wake ulikuwa dhaifu, hivyo maji yake yalipimwa kwa uangalifu. Tangu siku ile Penka aliingiza mtungi wake ndani ya mkoba wa nyuzi za sufu za kufumia. Niliuona chini ya kitanda. Nilinyamaza, sikutaka kelele nyingine.

"Leo umekunywa nini, mzee?" Tsonka aliuliza.

"Kikombe cha chai tu, mwanangu. Ungekuwa na huruma ungenitilia pombe kidogo, rakia."

"Rakia utakunywa siku ya harusi yangu."

"Basi nitakufa na kiu!"

Karatasi ikaonyesha anatoa maji mengi kuliko anayopata. Daktari akaiamini, akaagiza lita moja na nusu zaidi ya dripu. Kufikia saa kumi alasiri mzee alikuwa ameketi wima akihema kama anayezama, povu la rangi ya waridi mdomoni. Dripu ilifungwa, akachomwa sindano ya kukojoza. Haikusaidia; alifariki.

Penka alitoa mtungi mtupu mkobani.

"Lita nzima kila siku. Nilikuogopa, sista."

Mimi nilimwambia Tsonka wiki mbili baadaye, tukibadili nguo.

"Mtungi niliuona."

"Nawe uliniogopa?"

"Ndiyo."

Alifunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akaondoka. Mwezi uliofuata aliomba kuhamishiwa stoo ya mashuka, akakaa huko hadi kustaafu. Ndugu wa wagonjwa hawaingii kule.