Kishungi Chini ya Wigi la Julia Domna

Saa tatu asubuhi, Nives Zorat anazuia pumzi. Chini ya hadubini kuna sarafu ya fedha isiyozidi ukucha wa kidole gumba, yenye uso wa Julia Domna, mke wa kaisari wa Roma. Mkononi ameshika mwiba wa nungu, maana chuma kingeweza kuikwaruza.

Kinachomsumbua ni kidoa cheusi shavuni, chini kidogo ya nywele.

"Bado tu?" anauliza Ermes Pascolat, mkuu wa makumbusho ya mji, akichungulia mlangoni. "Mpiga chapa anataka picha ya bango la maonyesho saa sita. Toa hiyo taka, Nives, tumalize."

"Bosi, ukinisimamia hivyo nitaikwaruza. Nenda kanywe kahawa."

"Nimeshakunywa tatu."

"Basi kanywe ya nne."

Nives ana miaka hamsini na miwili. Zamani alikuwa msusi pamoja na mama yake, Rina, katika saluni yao nyuma ya kanisa. Dawa za nywele zilipomvimbisha na kumpasua mikono, akajifunza kusafisha vitu vya kale. Analipwa euro elfu moja na mia tatu kwa mwezi, na hajutii.

"Nilitoka kwenye vichwa nikarudi kwenye vichwa," husema akicheka. "Ila hawa hawalalamiki maji yakiwa ya baridi."

Sarafu hizi zilitoka kwenye chungu kimoja, mafundi walipokuwa wakichimba mtaro wa maji machafu. Wake wa makaisari Nives huwatambua kwa nywele: Faustina kwa kifundo cha kisogoni, Domna kwa mawimbi mazito yanayofunika masikio, ambayo wajuzi wengi wanasema yalikuwa wigi.

Hapo ndipo msusi anapokuwa hatari kwa kazi hii. Mkono uliozoea kusawazisha vichwa hauvumilii kitu kilichotoka nje ya mstari, na tangu jana mkono wake unawasha kukiondoa kile kidoa. Kama ni sehemu ya sarafu, kikishakwanguliwa hakuna wa kukirudisha.

Kilichomzuia ni jambo la leo asubuhi, nyumbani. Rina, mwenye miaka sabini na minane, alimaliza dawa za saratani majira ya baridi. Nywele zilimwisha zote, akaanza kuvaa wigi, na tangu hapo hajatoka nje, hata kanisani. Walipokuwa wakinywa kahawa ya maziwa, Nives alinyoosha mkono kukiingiza ndani ya wigi kishungi cheupe cha nywele mpya kilichochomoza. Akapigwa kofi mkononi.

"Kiache!" Rina alifoka. "Miaka yote ile saluni hujajifunza kitu? Hicho ndicho changu. Hayo mengine nimenunua."

Nives anayakumbuka hayo bila kuondoa jicho kwenye lenzi. Anadondosha tone la spiriti juu ya kidoa, kisha anakisukuma taratibu kwa ncha ya mwiba. Kingekuwa uchafu mtupu, kingemeguka chote. Weusi unatoka kidogo kidogo, na chini yake unabaki mstari mwembamba wa fedha, umejipinda kuelekea shavuni.

Anaegemea kiti na kufuta macho. Analia, wala hasingizii vumbi.

"Bosi! Njoo uone."

Ermes anainama. Anaweka jicho kwenye lenzi.

"Ni nywele zake mwenyewe," anasema. "Na mimi nilitaka uzikwangue."

"Tulitaka wote wawili. Aliyechonga sura hii aliziona, akaziacha."

Picha inapigwa hivyo hivyo, na kishungi chake. Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi, na Nives ana ombi moja tu kwa siku hiyo. Anapiga simu nyumbani.

"Mama, nimempata mwenzako. Mke wa kaisari. Kavaa wigi."

"Limemkaa vizuri?"

"Vizuri. Ila kishungi chake kimetoka."

Nives anabana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Hujakigusa?"

"Sijakigusa, mama. Jumamosi anaonyeshwa kwa watu hivyo hivyo."

Upande wa pili kiti kinasikika kikisogezwa.

"Jumamosi saa ngapi?"