Meza Niliyomwachisha

Nikisikia mtu anasema kazi yake ni kuwainua wanawake, siku hizi natazama pembeni. Mimi nimewainua sana. Kwa mwaka na zaidi nilikuwa mkufunzi wa mradi mmoja hapa Babati, nafundisha akina mama kutengeneza sabuni ya maji, na aliyemaliza mafunzo anapewa mkopo. Nilikuwa na kitambulisho shingoni na domo. Domo hasa.

Katika darasa la mtaa wa Nakwa alikuwamo mama mmoja mjane, mtu mzima, aliyekuwa akiuza samaki sokoni. Kambale na perege wa ziwani, anawakaanga mwenyewe, hadi saa nane mchana wameisha. Meza yake ilikuwa karibu na mlango wa soko, ameikalia miaka mingi, kasomesha watoto kwa meza hiyo. Siku ya kujaza fomu nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akasema taratibu, "Sabuni nimejifunza, asante. Ila mkopo naomba wa samaki. Nikipata friza, samaki wakizidi hawataniozea."

Ubaya uko wapi hapo? Hakuna. Lakini fomu ilitambua biashara ya sabuni tu, na mimi nikaona uvivu hata kupiga simu ofisini kuuliza. Badala yake nikajitia mjuzi. Nikamwambia samaki ni biashara ya kubahatisha, eti anashinda ananuka moshi na mafuta, achague moja, aache meza ashike mradi. Tena mbele ya wenzake. Nao wakapiga makofi, jamani. Wiki ileile akairudisha meza kwa mwenyekiti wa soko.

Kilichofuata hata mtoto angekiona. Nakwa wote wakatengeneza sabuni. Maisaka nako nilikuwa nimeshafundisha sabuni. Kila nyumba ina ndoo yake, jirani anamtembezea jirani chupa ileile, na wenye maduka wakachukua chache wakasema basi. Haikuisha miezi mitatu nikamkuta yule mama anafua nguo za watu, na kila Ijumaa anatakiwa kupeleka marejesho ya mkopo wa sabuni. Niliumia. Nilijichukia pia, na bado najichukia.

Nikamwambia, "Mama, twende sokoni, nikakuombee meza yako."

Kwenye meza tulimkuta mwanamke kijana, mafuta yanachemka, wateja wamemzunguka. Aliponiona akasimama, akanifutia kiti kwa khanga. Alikuwa mwanafunzi wangu wa Maisaka. Yeye alijifunza sabuni, akaukataa mkopo, akaenda zake kuomba nafasi sokoni, akapewa hii. Nikamweleza shida iliyotuleta. Akanisikiliza hadi mwisho, mpole kabisa.

"Mwalimu, na mimi nina watoto wanne," akasema. "Nikimwachia, wewe utanipeleka wapi?"

Sikuwa na pa kumpeleka. Lakini sikukoma. Nikaanza kumbembeleza, mara nakumbusha nani alianza, mara nataja ofisi ya mtaa, watu wanatutazama, samaki wanaungua.

Yule mama wa Nakwa akanishika mkono. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa kufua.

"Twende, mwanangu," akasema. "Mwache mwenzetu auze. Umeshanisaidia, inatosha."